Eka tatu mbele ya kamera: kisa cha shamba moja la Wete

Shauri lilifika kwa sheha, kiongozi wa mtaa, kwa jina la karafuu. Bibi mmoja wa Chake Chake, Pemba, alionyeshwa na mjukuu wake, kwenye simu, kipindi ambamo mtoto wa kaka yake yuko juu ya mkarafuu anachuma, na sauti ya msimulizi inasema hizi ni karafuu za mwanzo za familia changa iliyoamua kurudi shambani. Bibi aliijua mikarafuu ile mmoja mmoja. Ilikuwa ya marehemu baba yake, yeye ni mrithi, na msimu ule hakuna aliyempa habari kwamba uchumaji umeanza. Asubuhi yake akapanda gari ya Wete.

Nilikaa kwenye kikao kile kwa sababu upande wa mke wa kijana huyo ni jamaa zangu. Pande zote zimeniruhusu kuandika kwa sharti nisitaje majina wala shehia. Naandika kwa sababu najua vijana kadhaa wa visiwani wanaopanga kufanya walichofanya hawa wawili, na wanachokitaka ni kitu chema. Kilichowaponza wenzao si uvivu wala ugeni wa jembe. Waliponzwa na hadithi waliyopewa waiishi mbele ya kamera, hadithi inayotaka vitu viwili ambavyo Pemba haina: ardhi isiyo na mwenyewe, na familia isiyo na jirani.

Walivyofika

Kijana ni Mpemba aliyekulia Unguja, Ng'ambo, na alikuwa mhudumu katika hoteli ya pwani ya kaskazini. Machi 2020 watalii walipokatika, hoteli ilifunga milango na mshahara ukasimama. Nyumbani walikuwa wakiangalia vipindi vya Kimarekani vya maisha halisi, vile vya watu wanaoishi mbali na mji kwa mikono yao: wanajenga nyumba za magogo, wanafuga, wanawinda, wanaweka akiba ya chakula cha majira ya baridi. Mke anasema walikuwa wakimaliza kimoja wanafungua kingine mpaka alfajiri. Kwa mtu anayedaiwa kodi ya nyumba na hajui kazi itarudi lini, vipindi vile vilikuwa faraja kubwa. Mtu ana eka zake, ana kuku wake, hamtegemei tajiri.

Na eka, kwa walivyojua, walikuwa nazo. Babu yake kijana alikuwa miongoni mwa wakulima waliopewa eka tatu baada ya Mapinduzi, serikali ilipotaifisha ardhi mwaka 1964 na kuanza kuigawa kwa vipande vya eka tatu tatu kuanzia 1965. Kipande chao kiko upande wa magharibi wa kisiwa, kwenye vilima: mikarafuu juu, minazi mteremkoni, na chini kabisa bonde la mpunga. Kijana alikuwa akipelekwa pale utotoni wakati wa likizo za skuli. Akamwomba ami yake, ndugu wa baba yake, ruhusa ya kwenda kukaa. Ami akasema nendeni, mahali ni penu. Neno hilo, lililotoka kwa mapenzi, ndilo lililokuja kunukuliwa na pande zote mbili kila moja kwa maana yake.

Walivuka masika ya mwaka ule wakiwa wamejihifadhi kwenye banda la jirani. Mvua zilipopungua wakajenga nyumba ya fito na udongo, wakaezeka makuti. Video za mwanzo walizirusha wenyewe kwa simu, na ni nzuri kwelikweli. Ningependa kila kijana wa mjini azione. Kuna moja ya kuchimba majimbi ambayo hadi leo naweza kuiangalia tena. Watazamaji wakaongezeka, wengi wao Wazanzibari walio mbali na nyumbani. Mwaka uliofuata kituo kimoja cha televisheni ya mtandaoni kikawafuata na mkataba: msimu mzima, familia moja, eka tatu, mwaka mmoja bila duka na bila msaada.

Kilichotolewa kwenye picha

Kituo kilizichukua na video zile za zamani kikazihariri upya. Katika kipindi cha pili kuna sehemu ya kukandika nyumba. Mume anakanyaga udongo, mke anaubandika kwenye fito, msimulizi anazungumzia uvumilivu. Mwenye kuangalia kwa makini ataona kwenye ukuta wa nyuma yao, chini, karibu na ardhi, alama za viganja vidogo vimejipanga mstari mzima. Mume hana viganja vile, mke hana, na wakati ule hawakuwa na mtoto. Ni watoto wa jirani. Siku ile walikandika watu wa mtaa mzima: wanawake walipanga foleni ya ndoo kutoka kisimani, wanaume walikuwa shimoni wanakanyaga, watoto wakapewa sehemu ya chini wanayoifikia. Kazi iliisha kabla ya adhuhuri na watu wakala pamoja. Video ya mwanzo ya simu ilikuwa na haya yote, hata kelele zake. Kwenye kipindi hayamo.

Jirani aliyewapa banda hayumo pia. Huyu ni mzee ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa akiliangalia shamba lile. Akipalilia chini ya mikarafuu, akilima muhogo wake kwenye uwazi, akiokota nazi zilizodondoka, na kila msimu akimpelekea ami habari mikarafuu imebeba vipi. Ni mpango ambao haukuandikwa popote na uliheshimiwa na kila mtu. Kipindi cha kwanza kinaanza na maandishi kwamba hili ni shamba lililotelekezwa. Kikaoni mzee hakudai fedha. Alitaka aelezwe nani aliyetelekeza, maana yeye alikuwepo.

Hapa ndipo inapobidi kutazama vipindi vile vimetoka wapi. Maisha yale yana asili yake katika sheria ya Marekani ya mwaka 1862, iliyotiwa saini na Rais Abraham Lincoln. Mtu alipewa eka 160 za ardhi ya serikali kwa ada ndogo; akikaa miaka 5, akajenga na kulima, ardhi ni yake. Sheria iliendelea hadi 1976, na Alaska hadi 1986. Huenda hiyo ni sababu mojawapo ya Alaska kuwa uwanja wa vipindi vingi vya namna hii. Ardhi ile ilihesabiwa kuwa tupu. Haikuwa tupu: ilikuwa ya wenyeji wa asili, waliosukumwa na kuhamishwa kabla mlowezi hajachomeka kigingi chake. Hadithi ya familia iliyokuta pori na kulifanya nyumba inasimama juu ya watu walioondolewa kwenye picha. Ukiichukua hadithi hiyo na kuileta Wete, lazima itafute pori, na isipolipata italitengeneza kwa maneno mawili ya maandishi kwenye kioo.

Na hata huko kwao, upweke ule ni wa kwenye televisheni zaidi kuliko shambani. Madai yaliyofunguliwa chini ya sheria ile yalikaribia milioni 4, na waliofika hadi kupata hati ni kama milioni 1.6, walio wengi hawakufika. Kipindi cha Discovery kilichoanza 2011, Alaska: The Last Frontier, kinahusu ukoo mzima wa Kilcher karibu na mji wa Homer: ndugu, watoto wao na wakwe, kwenye ardhi aliyoianzisha mzee wao aliyetoka Uswisi. Huo kwetu tungeuita mji wa watu, wala si familia moja. Katika Homestead Rescue, kilichoanza 2016, Marty Raney na wanawe wawili wanakwenda kwa familia iliyozidiwa, na kitu cha kwanza wanachopeleka ni mikono na mashine. Na mwaka huo huo wa 2016, baba wa familia ya Alaskan Bush People na mwanawe mmoja walihukumiwa na mahkama ya Alaska baada ya kukiri kwamba walidanganya kwenye maombi ya gawio la mafuta la jimbo, kuhusu kuishi kwao humo miaka ambayo hawakuwepo. Nayataja haya kwa sababu kijana wetu aliamini kwamba anafuata njia iliyokwisha pitiwa na watu.

Mche

Tatizo kubwa kuliko karafuu zilizochumwa lilikuwa miche iliyopandwa, na hili wahariri wa mjini wasingeweza kulijua.

Katika kipindi cha nne mume na mke wanapanda mstari wa miche ya mikarafuu kwenye ukingo wa juu wa shamba. Jua la jioni, mke ana mimba sasa na inaonekana, mume anasema mikarafuu hii wataichuma wanetu. Watazamaji waliipenda sehemu hiyo kuliko zote. Shangazi, yule bibi wa Chake Chake, alipofika hapo, mjukuu wake anasema, ndipo alipoirudisha simu na kuuliza gari ya Wete inaondoka saa ngapi.

Kwa desturi ya visiwa hivi, mtu aliyepewa ruhusa ya kutumia ardhi ya mwenzake analima chakula. Muhogo, viazi, kunde, hayo yanang'oka na msimu. Mti wa kudumu hapandi bila makubaliano, kwa sababu mti una mwenyewe hata pale ambapo ardhi si yake. Mikarafuu na minazi imekuwa ikirithiwa, ikiuzwa na hata kuwekwa rehani mbali na udongo iliosimama. Mkarafuu unachukua kama miaka 6 kuanza kubeba na unaweza kuishi kuliko aliyeupanda na wanawe. Kwa hiyo kupanda mkarafuu mbele ya watu ni kutangaza kwamba wewe na kizazi chako mpo hapa kwa haki. Vijana walidhani wanapanda miti. Wazee waliona hati inaandikwa.

Na kulikuwa na hati nyingine ya kweli. Mkataba wa kituo una kifungu ambacho mshiriki anathibitisha kuwa ndiye mmiliki halali wa eneo la kurekodia. Kijana alitia saini. Mkataba ulisomwa kikaoni kwa sauti, na hapo ami, aliyekuwa akimtetea mpaka dakika ile, alinyamaza. Ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma. Anachokuwa nacho mtu ni haki ya kuitumia, na sheria ya mwaka 1992 imelisema hilo wazi. Haki ya babu ilipofungwa na kifo chake, walioishika ni warithi wake wote. Shangazi anayo, ami anayo, na wapo wawili walio nje ya nchi. Kijana anaingia kupitia marehemu baba yake, pamoja na ndugu zake watano wa tumbo moja. Hakuna kati yao anayeweza kusema peke yake kuwa ni mmiliki.

Sitaki kumtwisha kijana mzigo wote. Wazee wale wamekaa na mirathi isiyogawiwa tangu babu alipofariki, wakigawana fedha za karafuu kwa mazoea na kuaminiana. Mazoea yalifanya kazi kwa sababu hakuna aliyekuwa anakaa shambani. Siku alipokuja mmoja na kujenga, mazoea hayakuwa na jibu. Nilisema hivyo kikaoni na nalirudia hapa: mirathi inayoachwa wazi ili kulinda undugu ndiyo inayokuja kuupasua undugu huo.

Bonde

Mpunga wao uliharibika, na kipindi kimeeleza kwamba uliharibiwa na ndege. Ni kweli uliliwa na ndege. Lakini ndege wale wako bondeni kila mwaka na mpunga wa wengine ulivunwa.

Kwenye bonde watu wanapanda kwa wakati mmoja, mvua za masika zinapoingia. Faida yake inaonekana mwishoni: mpunga wote unaiva pamoja, ndege wanatawanyika juu ya makonde mengi, na kila nyumba inatoa mtu wa kuamia, yaani kufukuza ndege, wengi wao watoto, kwa zamu na kwa kupokezana. Mwaka ule wapigapicha walikuwa watoke Unguja kwa boti, na kupanda mpunga kulikuwa ndiko kiini cha kipindi cha tano. Bahari ikachafuka, boti ikaahirishwa, kisha mmoja akaugua. Mume na mke wakangoja kamera. Majirani walipokuwa wanapalilia, wao ndio wanamwaga mbegu.

Yaliyofuata yangeweza kutabiriwa na mtoto yeyote wa pale. Bonde lote lilivunwa, konde lao likabaki peke yake na suke changa, na ndege wote wa bonde wakahamia hapo. Kuamia ni kazi ya tangu alfajiri mpaka magharibi, siku baada ya siku, unapiga kelele na kurusha udongo. Wawili hawawezi, na mmoja ana mimba kubwa. Jirani mmoja alijitolea kuwaleta wanawe wawili wasaidie. Akaambiwa masharti ya kipindi hayaruhusu. Akaondoka bila kusema kitu, na kwa alivyonieleza mke, baada ya hapo hakuna aliyekuja tena.

Hasara ya mpunga ni ya msimu mmoja. Kumkatalia mtu anayekuletea mkono wa msaada ni jambo zito zaidi Pemba. Msaragambo, kazi ya pamoja ya mtaa, ni deni linalozunguka: leo tuko kwako, kesho kwangu, na mtu asipokuja kwako bila udhuru umeshajua umesimama wapi. Wao hawakuwahi kulikataa deni lile kwa nia mbaya. Siku ya kusafisha mfereji wa bonde walikuwa wanarekodi. Siku ya kuezeka kwa jirani walikuwa wanarekodi. Ukihesabu kwa macho ya mtaa, walikandikiwa nyumba na hawakulipa.

Daftari

Kuhusu sharti la bila duka, nitasema machache. Muuza duka alikuja kikaoni na daftari la madeni, bila chuki, kwa sababu aliitwa na sheha aseme kama wanadaiwa. Chumvi, sukari, sabuni, dawa ya mbu, vocha za simu. Betri za kamera zilikuwa zinachajiwa kwa jirani mwenye umeme, ule uliofika Pemba mwaka 2010 kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga. Mke ndiye aliyekuwa akienda dukani usiku, wapigapicha wakishalala. Aliposomewa orodha alilia. Sikumwona hata mtu mmoja aliyemlaumu. Kila aliyekuwepo ana jina lake kwenye daftari lile, na hakuna mkulima wa Pemba, wa zamani wala wa sasa, aliyewahi kuishi bila duka. Karafuu zenyewe ni zao la kuuzwa. Mkulima anazipeleka kwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar (ZSTC), ambalo kisheria ndilo mnunuzi, anarudi na fedha analipa deni na kununua nguo za skuli. Shamba la Pemba limefungamana na soko la dunia tangu enzi za masultani, na kulionyesha kama kisiwa cha mtu mmoja ni kuifuta kazi ya watu hao vizazi kwa vizazi.

Inawezekana kufanya vingine. Maisha Plus, kipindi cha televisheni kilichoanza Bara mwaka 2009, kiliwaweka vijana kwenye kijiji, wakae wengi, wapike wengi, wagombane na kupatana. Baadaye kikawaingiza wakulima wanawake kupitia shindano la Mama Shujaa wa Chakula. Shamba Shape Up ya Kenya, tangu 2012, inamfuata mkulima aliye kwake, na shamba linabaki kuwa lake na majirani zake wanaonekana. Vina kasoro zake, lakini havikumwambia mtu ajifanye hana watu.

Kikao kilivyoamua

Sheha si mahkama na hakujifanya mahkama. Alipatanisha, na baada ya vikao vitatu wakaandikiana. Karafuu za msimu ule ziuzwe kwa jina la ukoo. Mume na mke walipwe ujira wa uchumaji kwa pishi, kama mchumaji mwingine yeyote, pamoja na ujira wa kuanika. Kinachobaki kigawanywe kwa warithi. Nyumba ibaki, wakae, walime chakula. Miche ibaki ardhini na ihesabiwe ya ukoo, ila kazi ya kuipanda na kuitunza iandikwe na ilipwe mirathi itakapogawiwa. Mirathi ifunguliwe katika Mahkama ya Kadhi.

Kuhusu miche, kuna waliotaka ing'olewe. Naona ami alifanya vizuri kusimama kidete juu ya hilo. Mikarafuu mingi ya Pemba imezeeka. Kung'oa mche mzima ili kushinda hoja kungekuwa uharibifu mtupu.

Kituo kiliandikiwa barua. Kimeondoa maandishi ya shamba lililotelekezwa. Kuhusu vipindi vyenyewe kimesema havihaririwi tena, na msimu wa pili haukutiwa saini. Mume alikwenda mwenyewe kwa yule mzee jirani kumwomba radhi, na mzee akamrudishia banda la kuwekea kuku.

Mirathi bado haijagawiwa. Mrithi mmoja yuko Mombasa na mwingine Maskati, na kadhi anangoja nyaraka za uwakala wao. Masika iliyofuata mume na mke walipanda siku moja na bonde zima.

Kijana mwenye nia kama yao akiniuliza, namwambia hivi. Kabla ya kumkaribisha mtu na kamera, kaa na warithi wote, hata walio nje, mwandikiane unatumia nini na hutumii nini, na mti wa kudumu utajwe kwa jina. Kwenye mkataba usikubali kuitwa mmiliki. Kubali kuitwa mtumiaji kwa idhini ya warithi, na idhini iambatishwe. Kataa kifungu chochote kinachokuzuia kupokea mkono wa jirani au kinachotoa sura yake kwenye picha ya kazi aliyoifanya. Ratiba ya kilimo iandikwe humo kuwa juu ya ratiba ya kurekodi: mvua ikiingia unapanda, kamera ikute mpunga ulipofika. Na mke, kama naye anafanya kazi, atie saini yake na alipwe kwa jina lake. Huyu wa kwetu hakuwa hata na nakala ya mkataba.